Mursik ya Hakimu

Wueh, mtaniamini kweli? Jumapili kanisani Kimulot, baada ya ibada, nilimwona hakimu wa kesi yetu ya shamba ya chai akikunywa mursik kutoka kwa kibuyu ya Johana, yule mwenye ametushtaki. Nikamwambia Mama, "Shamba imeenda!"

"Mgeni hakatai maziwa, Chepchirchir."

"Hata hakimu?"

Leo kortini, kabla ya yote, hakimu akasema, "Jumapili nilikunywa mursik ya Bwana Johana. Sikujua ni yake. Mama, ukiwa na shaka nitajitoa."

Mama akasimama. "Asante kwa kusema, mheshimiwa. Lakini jitoe tu."

Na akajitoa! Karibu nipige nduru, halafu nikaona Johana ameinamia karani: "Huyo mwingine mtaleta, ni mtu wa wapi?"