Vumbi la Mossburn

Netta Cruickshank alikatiza sentensi, akashika ukingo wa sinki, akaanza kukohoa. Rhona Geddes hakuzima kamera. Mkono mmoja ulikuwa na kamera, wa pili kipaza sauti, maana kampuni yake ya kutengeneza vipindi ilikuwa na mfanyakazi mmoja tu, naye ndiye huyo. Kikohozi kilipopita, Netta alijifuta mdomo kwa kitambaa cha vyombo, akakitazama, akakikunja haraka.

"Nilifika wapi?"

"Ovaroli za Tam."

"Ehe. Kila Ijumaa mume wangu anarudi nazo nyeupe pe, utadhani katoka kwenye theluji. Nazipeleka uani, nazikung'uta ukutani, pah! pah! ndipo nazitia majini. Miaka kumi na tisa. Vumbi la asbesto la Mossburn likammaliza Tam, sasa limenigeukia mimi, na wala hawajawahi kuniletea hata kipande cha sabuni." Akacheka. "Umelinasa hilo jina? Maana umejipinda hapo kama kaa."

"Nimelinasa, mama."

"Basi litoke hivyo hivyo. Karakana ya meli ya Mossburn. Nilisikie nikiwa nimekaa kwenye kochi langu, niko hai. Baada ya hapo mnizike hata kesho."

Daktari alikuwa amemwambia kwamba akiiona Krismasi, ashukuru. Huo ulikuwa mwezi Machi.

Kipindi hicho cha Rhona kuhusu karakana kilikuwa na miaka miwili kwenye meza za kituo cha televisheni kule London. Mkubwa wa kwanza alikipenda, akapandishwa cheo. Wa pili hakukigusa, kwa sababu katika nyumba zile mkubwa mpya hali kiporo cha aliyemtangulia. Wa tatu, Imogen Farrant, alimwita Rhona aje. Rhona akapanda treni ya asubuhi kutoka Glasgow na mkate wake wa jibini mfukoni.

"Rhona mpenzi! Tunaipenda," Imogen alisema kabla mlango haujafungwa. "Nimelia, haki ya Mungu."

Rhona hakufurahi. Katika kazi ile "tunaipenda" ni salamu tu. Kuna watu wamezeeka nayo.

"Ila?" akauliza.

"Ila wewe ni mdogo. Si wewe, kampuni yako. Wakubwa wangu hawawezi kumpa saa nzima hewani mtu mwenye chumba kimoja na birika. Kwa hiyo tuliwapa Tallow Lane waitazame."

Tallow Lane ilikuwa kampuni kubwa, ghorofa nne, mtaa wa pili kutoka hapo.

"Mmewapa kazi yangu?"

"Waitazame tu, jamani! Nao wameipenda. Mtaitengeneza pamoja. Wao wana watu, wewe una anwani."

Hapo ndipo penyewe. Kituo kilikuwa kimeahidi kwamba sehemu ya vipindi vyake itatoka nje ya London. Kibao cha Tallow Lane kikipigiliwa mlangoni kwa Rhona, juu ya duka la mazulia kule Govan, Glasgow, basi kipindi kimekuwa cha Uskoti, kimeandikwa na kuhesabiwa.

"Na nani ataamua kinachobaki na kinachokatwa?"

"Tutazungumza wote."

"Na jina la Mossburn?"

"Litabaki, bila shaka. Ndiyo hadithi yenyewe, au siyo?"

"Nikikataa?"

"Hakuna anayekulazimisha, mpenzi." Imogen aliweka mkono juu ya mkono wake. "Tutaiweka ya mwakani. Mwakani kuna nafasi nzuri sana."

Rhona alitaka kusema, niandikie hilo la jina. Neno lilifika kwenye meno likarudi. Mkubwa wa kituo haombwi maandishi. Ukimwomba, unaitwa msumbufu, na habari za msumbufu huzunguka London yote kabla hujafika kituo cha treni. Akashukuru, akaondoka.

Alikwenda moja kwa moja kwa Netta, akitumaini mwenzake atamkataza. Netta alisikiliza hadi mwisho, huku soseji ya mraba ikipoa kwenye mkate wake.

"Ulitaka nikwambie kataa?"

"Ndiyo."

"Ukikataa, wewe unabaki na heshima yako. Mimi nabaki na nini? Mwakani ipi ya kwangu?" Akamsukumia kikombe cha chai. "Saini, mwanangu. Watupake rangi waitakayo, mradi jina litoke."

Rhona akasaini.

Juni walishuka watu tisa wa Tallow Lane na magari mawili, pamoja na mtangazaji mmoja mashuhuri mwenye meno mengi, aliyekuja kufua na Netta mbele ya kamera. Uani palijaa. Majirani walitoka na viti vyao kabisa. Netta alipewa ovaroli ya kuazima kutoka stoo ya mavazi, akaikung'uta ukutani, akasema maneno yake kama alivyoyasema jikoni Machi.

"Safi sana, mama!" alisema Piers, mwongozaji. "Sasa tena, bila jina."

"Bila jina gani?"

"La karakana. Sema tu 'kazini'. Wanasheria, unajua tena."

Netta alimgeukia Rhona.

"Imogen aliniahidi," Rhona alisema.

"Una barua?" Piers aliuliza, bila ubaya wowote, kama anayeulizia saa.



"Mossburn," Netta akaiambia kamera. "Mossburn. Mossburn. Mossbu..." Kikohozi kikamkamata, akainama, ovaroli ikamwanguka miguuni.

"Usizime," Piers alimnong'oneza mpiga picha. Alisubiri mpaka Netta alipopata pumzi na mtangazaji akamkalisha kwenye kiti cha jirani. "Pole, mama. Usijali, sauti tutaikata huko mbele. Shida yangu ni hiyo nguo, haina vumbi." Akatazama huku na huku. "Rhona, wewe ndiye mwenyeji. Tusaidie."

Mtu alimpa Rhona pakiti ya unga wa ngano na chekeche. Aliiokota ovaroli, akaitandika juu ya magoti ya Netta, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuiweka, akaanza kuchekecha, begani kwanza, kisha kwenye mikono. Netta alimtazama, akivuta pumzi fupi fupi.

"Nyeupe zaidi," Piers alisema.