Lebo ya Wangui

Mimi ndiye niliyeitoa ile lebo, na sikuitoa kwa haraka. Nguo ya kuogelea ya mjukuu wangu Wangui ilinunuliwa kwa mchango wa kanisa letu hapa Wamagana. Ilikuwa nyeusi, ndogo kama soksi ya mtoto, na huko nyuma ilikuwa na kipande cheupe chenye vimraba-mraba. Nikafikiri ni bei. Nikasema, huyu mtoto hatasimama mbele ya watu wa nchi nne bei ikiwa imemkaa matakoni. Nikaishikilia juu ya mvuke wa birika, nikakwangua kwa wembe polepole, karibu saa nzima, mpaka huwezi kujua kulikuwa na kitu. Lebo nikaitupa motoni.

Kesho yake tulikuwa Nyeri mjini, kwenye mashindano ya kuogelea katika bwawa la hoteli. Wawili wa kwanza katika mita mia wangeenda kushindana Kairo. Wangui na mwalimu wake, Gaudencia, walivuta ile nguo dakika ishirini.

"Vuta tumbo!"

"Mwalimu, tumbo imeisha!"

Ilikuwa kama kurudisha ndizi kwenye ganda lake. Ilipoingia, akaja mkaguzi wa nguo, Bwana Khisa, na simu yake mkononi. Akamzunguka mtoto mara mbili.

"Lebo iko wapi?"

"Nilichoma," nikasema.

"Ulichoma, Cucu?" akauliza, akiniita nyanya kwa Kikuyu.

"Ilikuwa inakaa vibaya."

Akafumba macho kidogo. Akanieleza kwa upole kwamba nguo hizi hupimwa maabarani, zisimbebe mtu majini wala kumwongezea mwendo, ili watoto wote wawe sawa. Vimraba vya lebo husomwa kwa simu, na ndivyo vinavyosema imepimwa.

"Na bila lebo si ni nguo ile ile?"

"Ni ile ile. Hata hiyo ya Jackie wa Arusha ni ile ile." Akanionyesha msichana aliyekuwa akipita. "Lakini yake inajulikana."

"Na hii si umeijua sasa hivi?"

"Mimi nimeijua. Simu haijaijua."

Akasema Wangui anaweza kuvaa nguo ya kitambaa cha kawaida, hiyo haitaki lebo kwa sababu haiwezi kumsaidia mtu yeyote. Kwenye mkoba kulikuwa na ile ya mazoezi, ya mitumba, maua yamefifia, lastiki ya miguu imelegea. Akiruka majini hujaa kama gunia.

"Cucu, nitaogelea nikibeba debe ya maji," akasema, na machozi yakamtoka.

Nikamsaidia kuivaa. Kosa lilikuwa langu na wembe wangu.

Kengele ikalia. Maji ya Nyeri hutoka mlimani na hayana huruma. Wageni walishtuka, mmoja akapiga kelele kabisa. Wangui hakushtuka. Alijifunzia kwenye tanki la maji baridi la kiwanda cha kahawa, asubuhi baada ya asubuhi, akivuta gunia lile lile. Nyuma yake nguo ilifura kama mgongo wa ng'ombe. Akawa wa pili kugusa ukuta. Jackie akawa wa tatu, nyuma yake urefu wa kidole.

Kocha wa Arusha, Hezekiah, alikuja moja kwa moja.

"Shikamoo, bibi."

Huku kwetu tunasema habari tu, nikamjibu nzuri.

"Kwa heshima zote," akamgeukia Khisa, "naomba nguo ile ichunguzwe. Imejaa maji kiasi kile na bado inampita binti yangu? Lazima ina siri."

Ati siri! Wangui akafungwa taulo, nguo ikachukuliwa kwa vidole viwili. Khisa akaipima kwenye mizani ya nyama ya jikoni hotelini. Akaiinua juani, jua likapita kote. Akavuta lastiki, ikabaki ilivyovutwa. Akaandika ukurasa mzima, kisha akasoma kwenye kipaza sauti: nguo haina teknolojia yoyote, na kwa maoni yake inamchelewesha mvaaji. Wangui abaki wa pili, aende Kairo.

Watu wakacheka mpaka Gaudencia akakaa chini. Wangui alijificha uso kwa taulo, lakini mabega yake yalikuwa yakicheka pia.

Tulipokuwa tukitoka, Hezekiah akanifuata hadi langoni. Akaangalia nyuma kwanza.

"Samahani, bibi. Nguo kama ile inapatikana wapi?"

"Soko la Karatina," nikamwambia, "upande wa mitumba. Lakini uende mapema, nzuri huisha."

Akatoa kalamu, akaandika.