Barua ya Mjomba Bert

Watu wa mjini wakisikia kwamba nilifundisha kwa redio, hudhani nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mto nikisimulia hadithi za wanyama. Kwa taarifa yao, darasa langu lilikuwa pana kuliko nchi nzima za wengine. Wanafunzi wangu walikuwa watoto wa ranchi za kondoo, wengine sijawahi kuwatia machoni mpaka leo, na kila neno nililolitamka lilisikika katika kila jiko lenye redio. Mama zao walisikia, baba zao walisikia, wapishi na wakata manyoya walisikia. Na Bi. Lorimer wa ranchi ya Coolamine, ambaye nadhani alilala amekumbatia redio yake, alisikia kuliko wote. Masafa ya redio yalikuwa yale yale ya madaktari wa ndege, wale wanaoruka kwenda kutibu watu ranchini, maana huko bara redio ilikuwa moja kwa mambo yote: shule, ugonjwa, telegramu za vifo na harusi, na umbeya.

Redio zenyewe zilikuwa na kitufe. Ukitaka kusema unakibonyeza, ukimaliza unasema “ova”, unakiachia, ndipo mwenzako anapata nafasi. Ukiwa umebonyeza husikii chochote cha mtu. Wawili wakibonyeza kwa pamoja, sote tunapata mluzi wa kutoboa masikio. Watoto wangu walilijua hilo kabla hawajajua alfabeti.

Ndiyo maana nilishtuka niliposikia Dulcie anabonyezewa kitufe.

Dulcie wa Wirrabilla alikuwa na miaka minane, mdomo hodari, wa kwanza kujibu hata swali asilolielewa. Mama yake alikuwa mjini kwetu hospitalini, amejifungua kwa upasuaji na hajaruhusiwa kutoka, kwa hiyo mtoto alibaki ranchi na baba wa kambo, Vern Stobart. Asubuhi ile nilimwambia asome. Sauti ikaja bila kichwa, neno la kwanza limekatwa, kwa sababu aliyekuwa na kitufe alichelewa kukibonyeza. Akasoma kidogo, mara akaanza kusema jambo ambalo halikuwa kitabuni, na sauti ikakatwa katikati.

Nikamuuliza nani anambonyezea.

“Baba Vern,” akasema. “Mkono wangu u—”

Akaja Stobart mwenyewe, mpole kama mwuza vitambaa. Alisema mtoto ameanguka kwenye farasi, mkono umeteguka kidogo tu, nisiwe na wasiwasi. Tena nisimsubiri darasani kesho, maana mchana huo wanafunga safari kwenda kwa ndugu zake huko magharibi, na huko hakuna redio.

Wirrabilla hapakuwa na farasi. Wote waliuzwa kwa sababu ya ukame, na Dulcie alilia hewani siku walipopakiwa kwenye lori, sote tukamsikia. Damu ilinichemka mpaka nikaogopa kugusa kitufe, nisije nikamtukana.

Darasa nikalipa hesabu za kujumlisha, nikakaa nikawaza. Polisi wetu alikuwa ametoka, na hata angekuwepo, kwa gari ni safari ya siku nzima. Ila ndege ya daktari ilikuwa karibu. Glenys Pask, Sista, yaani muuguzi, wa madaktari wa ndege, alikuwa na kliniki siku hiyo katika ranchi ya Nundarra, na kutoka Nundarra hadi Wirrabilla kwa ndege chai haipoi. Glenys ndiye niliyekuwa napanga naye nyumba moja. Ningekuwa naye chumba kimoja ningemweleza kwa sentensi moja. Lakini njia ya kumfikia ilikuwa ile redio, na Stobart alikuwa amekaa mbele ya ile redio, kidole kwenye kitufe. Akisikia ndege inakwenda kwake, angemtupa mtoto ndani ya gari na kupotea, na nchi ile mtu akitaka kupotea haimkatalii.

Ndipo nikamkumbuka mjomba Bert.

Glenys alinieleza habari zake mara moja tu, akiosha vyombo, amenipa mgongo. Mjomba Bert ndiye aliyemlea. Mjomba Bert ndiye aliyemvunja mkono akiwa msichana mdogo, kisha akawaambia majirani ameanguka kwenye farasi. Farasi wanasingiziwa sana katika nchi ile. Alipomaliza alifuta mikono, akaniambia hajapata kumwambia mtu mwingine, nami sikuuliza zaidi.

Nikabonyeza.

“Sista Pask, hapa shule. Una barua yako huku, ova.”

Akajibu kwa sauti ya mtu aliyeshika sindano mkono mmoja. “Barua? Bibie, si uiache mezani nitaikuta. Ova.”

“Nimeifungua, usininunie. Imetoka kwa mjomba wako Bert. Anasema amekuja pande hizo, anakaa kwa yule tuliyempelekea jamu Jumapili. Mchana huu anaondoka. Anaomba umpitie kabla hajaondoka. Ova.”

Jumapili tulimpelekea jamu mama yake Dulcie, pale wodini. Hilo tulilijua sisi wawili na mgonjwa mwenyewe.

Glenys hakujibu mara moja. Nilisikia redio inavyounguruma tupu. Niliona aibu, sisemi sikuona. Nilikuwa nimeshika kidonda cha mtu na kukipeperusha mbele ya nchi nzima, japo hakuna aliyejua kwamba ni kidonda. Halafu akasema, taratibu sana, kwamba barua ameipata, na mjomba atampitia. Ova.

Nikashusha pumzi. Nilishusha mapema.

“Samahani kuingilia, wapenzi wangu.” Alikuwa Bi. Lorimer. “Sista, huyo mjomba Bert si ndiye yule wa telegramu ya mwaka jana? Maana mimi mwenyewe nilikuletea keki ya msi—”

Nilikandamiza kitufe kwa kiganja kizima.

Telegramu! Huko kwetu telegramu husomwa hewani, kila mtu asikie. Ile ya kifo cha Bert ilisomwa saa ya telegramu kama nyingine zote, ranchi zote zikampa Glenys pole, naye akashukuru kwa sauti kavu ambayo watu waliidhania huzuni. Mimi nilikuwa chumba hicho hicho nikisahihisha madaftari. Nimfufue nani tena, jamani, kama si maiti ambaye nchi nzima ilimlilia?

Nikaendelea kukandamiza. Nilijua ranchi zote zinapata mluzi, na watoto wameziba masikio. Mimi sikusikia kitu. Huo ndio ubaya wake: ukimziba mwenzako unajiziba na wewe. Huenda Bi. Lorimer alikuwa amenyamaza. Huenda Stobart alikuwa amekwisha ondoka, au Dulcie ananiita. Nikakiachia kitufe.

Ikaja sauti ya Stobart, bado ya upole.

“Mwalimu. Siku hizi wafu wanaandika barua?”

Nikafanya kitu pekee ninachokijua.

“Bwana Stobart,” nikasema, “hiki ni kipindi cha somo. Mwenye swali ananyoosha mkono. Barua za wakubwa hazikuhusu wewe wala Bi. Lorimer. Kinachokuhusu ni kwamba unaniondolea mwanafunzi kabla sijampima kusoma, na mimi bila alama zake sitamwandikia shule ya huko mnakokwenda. Namtaka asome sura yote, sasa hivi, darasa zima linamsubiri. Bi. Lorimer, nawe unamsubiri? Ova.”

Niliomba Mungu mwanamke yule, mara moja tu katika maisha yake, aelewe jambo bila kulisema. Nilipomsikia, sauti yake ilikuwa imebadilika.

“Namsubiri, Mwalimu. Hapa Coolamine tumekaa sote tunamsubiri Dulcie. Ova.”

Akafuata mwenye nyumba wa Nundarra, mama mkavu asiyependa redio. “Nundarra nako tunamsubiri. Kliniki imekwisha, hatuna kazi nyingine. Ova.” Nikajua Glenys keshaondoka.

Stobart alikuwa mtu wa kutaka kusifiwa. Nilikuwa nimemsikia miaka hiyo akijisifu hewani kwa uzio wake, visima vyake, na jinsi alivyomchukua mtoto asiye wake. Kumnyima mtoto mgonjwa kusoma mbele ya majiko yote yale kungemharibia jina. Kitufe kikabonyezwa, na Dulcie akaanza kusoma.

Ilikuwa hadithi ya familia inayovuka mto uliofurika. Nilimsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtoto. Kila ukurasa ulipoisha, nilidaka nafasi: vizuri, endelea, usiruke nukta. Alisoma vibaya, akimeza maneno, na mara mbili hivi alivuta pumzi kama mtu aliyegongwa pale panapouma. Sikumrehemu. Nilimwambia arudie sentensi. Mama mmoja baadaye aliniambia alitaka kunipiga kibao siku ile, nikamwambia hata mimi.

Halafu, nyuma ya sauti yake, nikasikia kitu kama nzi kwenye kioo cha dirisha. Nzi akanenepa. Ndege.

Dulcie naye aliisikia. Nilijua kwa sababu alipandisha sauti. Mtoto yule alianza kusoma kwa kelele, karibu kupiga yowe, mashua na mto na mbuzi aliyezama, akiifunika ngurumo ile kwa kila pumzi aliyokuwa nayo. Machozi yalinitoka hapo, na sioni haya kusema.

Sauti ikakatwa katikati ya neno.

Niliita Wirrabilla. Niliita tena. Hakuna ranchi hata moja iliyogusa kitufe. Watu wale wasioweza kukaa kimya wakisikia bei ya viazi imepanda, wote walinyamaza. Watoto wangu wakubwa walikuwa wanasikiliza pia, na sikuwa na hesabu za kuwapa.

Kitufe kikabonyezwa. Kwanza ilikuwa pumzi ya mtoto.

“Mwalimu,” Dulcie akasema, “nilikuwa sijamaliza.”

Kisha sauti ya Glenys, karibu naye. “Imetosha, mwanangu. Shule, hapa Wirrabilla. Ninaye. Mkono umevunjika na si wa leo. Rubani na mzee wa Nundarra tuliyekuja naye wamemkalia huyu bwana, na namaanisha wamemkalia. Tunarudi. Ova.”

Dulcie aliletwa mjini akafungwa plasta, akalazwa kitanda cha pembeni ya mama yake. Stobart alipelekwa mahakamani. Kwa upande huo, mambo yalikwisha inavyotakiwa.

Kwa upande mwingine hayakuisha. Watu wa bara si wajinga. Waliposikia Stobart alifanya nini, wakakumbuka barua ya maiti iliyomwita Sista, na wakakumbuka jinsi Sista alivyonyamaza kabla ya kujibu. Wakajumlisha. Kabla ya wiki kwisha hapakuwa na jiko ambalo halikujua mjomba Bert alikuwa mtu wa namna gani.

Glenys hakunisemesha siku kadhaa. Aliposema, alikuwa anakata mkate.

“Siku nyingine utumie siri yako.”

“Mimi sina siri.”

“Kila mtu anayo, shoga. Ila wewe ulitoa yangu.”

Sikumwomba msamaha. Ningekuwa mwongo, kwa sababu Dulcie angekuwa hewani tena na mkono ule, ningemtoa Bert kaburini mara ya pili. Nilimwambia hivyo hivyo. Akanikatia kipande cha mkate, akatoka nje. Iliniuma sana, na ilistahili kuniuma.

Wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha redio baada ya masomo, wakati wa kipindi cha wagonjwa. Daktari alikuwa safarini, kwa hiyo Glenys ndiye aliyekuwa akipokea: mtoto mwenye homa, mchunga kondoo mwenye jipu. Akauliza kama kuna mwingine.

Sauti ikaingia, ya mwanamke au msichana, chini sana, haikutaja ranchi wala jina.

“Sista. Mimi nami nimepata barua ya mjomba Bert.”

Basi. Hata “ova” hakusema.

Glenys alinyoosha mkono kwenye maikrofoni, akausimamisha njiani. Hakuweza kumuuliza wewe nani. Hakuweza kumuuliza uko wapi, wala ni nani aliyekaa naye chumba hicho. Watu wote walikuwa wanasikiliza, na mmoja wao ndiye aliyekuwa Bert wake. Nikafungua mdomo nimsaidie, akanionyesha kiganja ninyamaze.

Akabonyeza.

“Ranchi zote, nisikilizeni. Kuanzia kesho nakuja kupima macho. Nitamwona kila mtu peke yake, mlango umefungwa, wakubwa kwa wadogo. Nitapita kila ranchi, hakuna nitakayoiruka. Nijibuni kama ujumbe mmeupata. Ova.”

Wakaanza kujibu mmoja mmoja. Coolamine, tumepata. Nundarra, tumepata, karibu. Ranchi za kaskazini, ranchi za mtoni, sauti za wanaume na za wanawake. Glenys alikuwa amefumba macho, ameinamisha kichwa karibu na spika, akitafuta katika kila jibu ile sauti ya chini.

Wa mwisho alipomaliza, alikuwa bado hajaitambua. Akainuka, akaenda kumwambia rubani ajaze mafuta.