Mpaka Tule Mboga ya Kwanza

Mzee Abubakari alikuja Gitega kwa wiki moja tu, kumtazama binti yake, na begi lake lilikuwa la mtu wa wiki moja: kanzu mbili, msuli, miwani, na futi yake ya kushonea, ambayo hakuiacha nyuma hata akienda msibani. Wiki moja ikawa mbili. Siku ya kumi na tano, wakati wa chai ya asubuhi, akasema:

"Pili, mwanangu, Jumamosi nitapanda gari nirudi zangu Muyinga."

Pili alishika kikombe kwa mikono miwili. Tangu mama yake afariki, mwezi wa Rajabu, nyumba ya Muyinga ilikuwa na mtu mmoja na sufuria isiyopanda jikoni. Ami Sefu, mdogo wake baba, alikuwa amemletea habari zote: kaka yake anakunywa chai asubuhi, anakunywa chai mchana, na jua likizama anafunga mlango bila kuonja kitu. Hapa Gitega alikuwa ameanza kula. Mashavu yalikuwa yanarudi.

Baba, usirudi, kaa nasi. Maneno manne tu. Lakini Pili, ambaye darasani aliwanyamazisha watoto hamsini kwa kuwatupia jicho, mbele ya baba yake ulimi ulimwia mzito kama jiwe la kusagia. Na baba mwenye heshima zake, atakubali vipi kuishi chini ya paa la mkwe? Macho yake yakakimbilia dirishani, yakatua uani, penye kipande cha ardhi chenye majani na vigae vilivyovunjika.

"Baba," akasema, "nataka kulima bustani."

Mzee Abubakari akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Bustani? Wewe? Wanawake wa mashamba ya Nyarusange wanatuletea mboga mpaka mlangoni, tena wanabisha hodi! Sisi ni watu wa sindano na duka. Jembe tunaliona kwenye mabega ya wengine."

"Ndiyo maana nataka unisaidie. Usiondoke mpaka tule mboga ya kwanza."

Mzee alitua kikombe. Alimtazama binti yake muda mrefu, kama fundi anayemtazama mteja asiyesema wazi anataka nguo gani. Kisha akaitika polepole.

"Mpaka tule mboga ya kwanza. Haya. Nimetoa neno langu."

Zuberi, mume wa Pili, aliyekuwa fundi wa baiskeli, akarudi jioni na jembe jipya begani. Akampa baba mkwe kwa mikono miwili huku anatabasamu. "Mgeni siku mbili, Baba, ya tatu mpe jembe!" Wote wakacheka. Mzee naye alicheka, ila alikuwa wa kwanza kunyamaza.

Basi kazi ikaanza. Na kwa kuwa mtu hawezi kuacha miaka arobaini ya ufundi mlangoni, Mzee Abubakari, aliyewahi kushona bendera mwaka wa uhuru na tangu hapo kuwashonea kanzu maharusi wa Muyinga, akalima kama anayeshona. Kwanza alipima uwanja kwa futi yake. Akachora mistari kwa majivu. Akalitazama tuta la Pili, akatikisa kichwa. "Hili limekwenda upande. Lifumue." Pili akalifumua.

Mbegu zilikuwa za lengalenga, mchicha wa huku kwetu, nyeusi na ndogo kama vumbi la baruti. Mzee akavaa miwani, akapiga magoti, akaanza kuzifukia moja moja kwa ncha ya sindano, kila moja kwenye shimo lake la kina cha kidole, na kati ya shimo na shimo nafasi ile ile. Kazi ya siku tatu. Siku ya nne akaanza kukagua. Kila baada ya sala ya asubuhi aliuchokonoa udongo, akautazama, akaufunika tena.

Kulikuwa na jirani, Mama Namegabe, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, muuza vitenge, ambaye kwao walizaliwa shambani na kukulia shambani. Alimtazama mzee wiki nzima juu ya ukuta wa matofali. Mwishowe uvumilivu ukamwishia.

"Papa! Unatafuta nini pale kila asubuhi?"

"Natazama kama zimeota."

"Kwa kuzifukua?"

"Fundi hukagua mshono wake, mama."

"Yesu wangu! Mbegu haiko shati, Papa! Unaifukua kila siku, itamea saa ngapi? Nyie Waswahili munajua kula mboga, lakini kwenye inatoka hamujui."

"Tunajua sana. Inatoka sokoni."

Mama Namegabe alicheka hadi akaushika ukuta. Pili, aliyekuwa akifua karibu, akainamisha uso asionekane. Moyoni alikuwa na furaha ya mwizi. Wiki mbili zimepita, hapajaota kitu, na mahali pasipo mboga hapana safari. Usiku alikuwa akimwomba Mungu mvua ichelewe kidogo, halafu anaona haya, anaomba msamaha.

Lakini Mama Namegabe hakuwa mtu wa kuona kazi mbovu akaiacha. Siku iliyofuata alipita mlangoni na konzi ya mbegu ndani ya kitambaa. Akazichanganya na majivu, akasimama kwenye tuta, akazinyunyiza kwa mkono mmoja kama anayewarushia kuku mtama.

"Hivyo tu?" Mzee aliuliza, kama aliyetukanwa.

"Hivyo tu. Sasa funika kidogo, mwagilia, na mikono weka mufukoni."

Kwa siku tano Mzee Abubakari alizunguka ua akiwa ameweka mikono nyuma kama mfungwa. Asubuhi ya sita, Pili akiwa bafuni na sabuni kichwani, akasikia kelele.

"Pili! Pili wee! Njoo! Zimetoka!"

Akatoka amejifunga kanga, povu linamchuruzika shingoni. Baba yake alikuwa amelala kifudifudi kwenye udongo, yeye na kanzu yake, uso karibu uguse tuta. Na kweli, vitone vya kijani vilikuwa vimetapakaa, viwili viwili, kama mtu amemwaga vipande vidogo vya hariri.

"Angalia hiki. Kinasukuma jiwe! Kitoto kama hiki!"

Pili alitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Hakuwahi kuiona sura hiyo ya baba yake tangu msiba. Na papo hapo akahesabu: wiki nne, pengine tano, basi.

Toka hapo mzee hakuwa na nafasi ya chai ya mchana. Alikula chakula cha mchana, akaongeza, maana jembe halishikwi na tumbo tupu. Akiwa msikitini aliwasimulia watu habari za lengalenga mpaka imamu akamkumbusha kuwa ni wakati wa adhana. Zikafika kifundo cha mguu. Zikafika goti.

"Baba, nadhani sasa zinalika," Pili alijilazimisha kusema siku moja, maana kunyamaza nako kungekuwa uongo.

"Bado changa."

Wiki ikapita. Zikafika kiunoni.

"Bado. Acha zishike nguvu."

Zikaanza kutoa vichwa vya mbegu. Mama Namegabe akapaza sauti ukutani. "Papa! Lengalenga imefika kwa bega! Unangoja ikuowe?"

"Wewe uza vitenge vyako, mama! Hii kazi ina mwenyewe!"

Pili alishangaa, lakini hakuuliza. Asiyeuliza hachelewi kushukuru, na yeye kila siku ya ziada alikuwa akiishukuru kimyakimya.

Alhamisi moja, Mama Namegabe alileta sahani imefunikwa. Ndani kulikuwa na mboga za majani zilizopikwa kwa karanga na mawese, zinatoa harufu ya kuita watu. Mzee alijipakulia na ugali, akala, akalamba vidole.

"Mama, hizi za wapi? Tamu sana!"

"Za wapi? Si zako, Papa! Ziliinama kwa ukuta, nikasema, huyu mzee ataziacha zizeeke. Nikachuma kidogo."

Mkono wa mzee ukasimama hewani. Pili akaweka tonge chini. Mama Namegabe akawatazama, mmoja baada ya mwingine, asielewe amevunja nini.

"Basi," mzee akasema taratibu, akanawa mikono. "Tumekula mboga ya kwanza. Jumamosi nakwenda."

Hakuna aliyebisha. Neno la Mzee Abubakari lilikuwa neno. Jumamosi asubuhi Zuberi alibeba begi hadi kituo cha magari, Pili anafuata nyuma. Mzee akapanda, akakaa dirishani. Dereva akawasha injini. Na Pili, mbele ya abiria tisa na kuku watatu, akashika ukingo wa dirisha la gari akasema kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua:

"Baba, usirudi! Kaa nasi!"

Mwanamke mmoja mwenye kikapu akasema, "Mzee, mujibu mtoto, gari inaondoka."

Mzee akainamisha kichwa dirishani. "Pili, mbona hukusema siku zote hizi? Mlinipa jembe, mwanangu. Nikasema, binti yangu ana adabu, hawezi kunifukuza, amenipa mpaka tu: mboga ya kwanza. Nami nikawa nazichelewesha."

"Nilikuwa nakuchelewesha wewe, Baba! Sikutaka uende!"

"Mimi nilidhani mlishaongea zamani," Zuberi akasema, amelikumbatia begi. "Chumba kile nilishakihesabu ni cha Baba."

Abiria wakaangua kicheko. Dereva akapiga honi. "Sasa munapanda ao hamupandi?"

"Tunapanda wawili!" mzee akasema, akisogea kumpa binti yake nafasi. "Tunakwenda kufunga nyumba. Jumatatu uturudishe."

Huko Muyinga, Jumapili, walifanya kazi siku nzima. Walikunja nguo za mama, Pili akachagua kanga moja, nyingine zikaenda kwa mashangazi. Cherehani ikafungwa kamba tayari kwa safari. Alasiri Ami Sefu akaja kuchukua ufunguo, akamkuta kaka yake amesimama kizingitini, anatazama juu. Upande wa kusini mawingu yalikuwa yamejikusanya, mazito, ya rangi ya risasi.

"Sefu, mawingu yale unadhani yako wapi? Yamefika Gitega?"

"Nitajuaje, kaka? Nipe ufunguo."

"Upepo huu utazilaza lengalenga zangu zote," mzee akasema, ufunguo bado mkononi. "Pili! Zuberi anajua kuziwekea miti? Kwa nini hatukurudi leo?"