Kona ya Ngazi

Jumatatu moja ya mwaka 1969, saa mbili na nusu asubuhi, Silima mchora ramani alichonga penseli tatu akatandaza karatasi mezani. Amri ilikuwa imeshuka kutoka juu: wananchi washirikishwe. Basi akaletewa mwananchi, Bi Mwanapili wa Kikwajuni, ambaye nyumba yake ingebomolewa ili ajengewe raha.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba, mwanangu. Ngazi ndiyo hii?"

"Ndiyo. Wewe na mama yako mtakaa ghorofa ya nne."

"Mama hainuki kitandani, mwaka wa tatu huu. Siku yake ikifika, jeneza litapinda wapi hapa?"

Silima alifundishwa kupima kitanda, kabati na mtu aliye hai. Akamsogezea karatasi. Bi Mwanapili akaonyesha kwa kidole, na mstari wa ngazi ukanyanyuka karatasini, ukajikokota, ukalala pale alipoonyesha. Silima akaufuta, akauchora pa zamani. Ukarudi.

Kufikia Alkhamisi foleni ilifika barabarani. Biasha muuza mandazi alitaka ua wa kupikia, na ua ukajitokeza. Kazi ya Silima ikawa kukandamiza karatasi kwa viwiko na kuuliza, "Na hapa je?"

"Wewe mchoraji au mshika karatasi?" Biasha akamtania.

"Hata mie nnajiuliza."

Kwanza ilimuuma. Kisha akagundua kuwa kuuliza vizuri ni kazi ngumu kuliko kunyoosha mstari, akaanza kuipenda.

Jumamosi mkuu wa ofisi akaja, akaitazama ramani ikitembea. Hakushituka, tangu Mapinduzi alikwisha kuona mengi, na mengine aliyatia saini mwenyewe.

"Umewasikiliza?"

"Nimewasikiliza."

"Vyema." Akatoa mkobani ramani nyingine, iliyopigwa muhuri mwezi uliopita. "Tutajenga hii. Andika hapo chini: wananchi wameshirikishwa. Hati yako nzuri."

Silima alikuwa na mke na watoto wanne. Akaandika, kwa hati nzuri.

Mama yake Bi Mwanapili alifariki mwaka wa pili baada ya kuhamia. Wanawake wakamkosha, wakamvisha sanda. Wanaume wakapandisha jeneza, likakwama kwenye kona ya ghorofa ya pili, wakalirudisha chini. Mpwa wake Bi Mwanapili, jina lake Mkubwa, akashauri wamteremshe maiti amesimamishwa.

"Mama yangu si kabati," akasema Bi Mwanapili.

Silima, aliyekuja mazikoni, akaipima kona kwa mkono. Ilipungua shubiri moja. Bi Mwanapili akamtazama.

Marehemu alingoja kwa adabu. Adhuhuri ilipokaribia akainuka, akaikusanya sanda isimtege miguu, akashuka vipandio vyote polepole, mkono ukutani. Watu wakampisha. Chini akajilaza jenezani, wakambeba.

"Umeona?" mkuu wa ofisi, naye alikuja mazikoni, akamnong'oneza Silima. "Ngazi inatosha. Bibi hakuwa akiinuka, leo kashuka mwenyewe."

Mwezi uliofuata wakaanza jengo la pili kwa ramani ile ile, na wagonjwa wa Kikwajuni wakaanza kufanya mazoezi ya kushuka.