Injinia wa Kulipwa kwa Futi

Mkoa wa Manyara ulipokuwa bado unanukia rangi mpya, maofisa walihamia Babati wengi kuliko vyumba vya kuwalaza. Ndipo Hatibu, muuza vifaa vya ujenzi, akaamua kujenga hoteli ya ghorofa nne upande wa ziwani. Akaniita mimi, Paskasi, mstaafu wa idara ya barabara, nimsaidie kupanga malipo ya injinia.

Amwite nani kama si mimi? Babati nzima ilijua kwamba enzi zangu nilijenga daraja kwenye mto uliofurika, na kwamba nguzo ya kati ilipoyumba niliiegemea kwa bega siku tatu, nikiletewa uji kwa mtumbwi. Nilikuwa nimeisimulia mara nyingi hadi bega lenyewe likaanza kuniuma wakati wa baridi.

Injinia alikuwa binti wa Mbulu, Vailet, ndiyo kwanza ameanza kazi kwa jina lake mwenyewe. Akataja bei: milioni nne kwa kupima udongo, kupiga hesabu na kuchora msingi.

"Milioni nne kwa kitu kitakachofukiwa!" Hatibu akanigeukia. "Mzee wetu, hii ni haki?"

Nikakohoa kikubwa. "Mchimba choo wa Nangara analipwa kwa futi. Na injinia naye alipwe kwa futi za msingi. Laki mbili kila futi. Ghorofa nne hazikosi futi ishirini kwenda chini, mimi kazi hizi nazijua. Milioni zake atazipata, ila tutakuwa tumeziona kwa macho."

Mafundi waliokuwa dukani wakapiga makofi. Vailet akanitazama.

"Babu, mnanunua shimo au mnanunua hesabu?"

"Shimo, mwanangu. Hesabu hata Hatibu anazo."

Wakacheka. Binti akakubali, nadhani kwa sababu hakuwa na kazi nyingine. Mkataba nikauandika kwa mkono wangu, nikatia sahihi ya shahidi.

Baada ya mwezi akarudi na majibu ya maabara.

"Juu pana udongo mgumu," akasema. "Ukipita futi kumi ni tope la ziwa, na mwisho wake sikuuona. Mkichimba futi ishirini, hoteli mtaiweka juu ya uji. Nimechora bamba la zege na nondo, litandazwe chini ya jengo zima. Kina chake ni futi nne."

Futi nne, yaani laki nane. Kutoboa ardhi na maabara peke yake vilikuwa vimemla laki sita. Angeandika ishirini, nani kati yetu angejua?

Hatibu akaruka. "Mzee Paskasi, umeniokolea milioni tatu na ushee! Mleteeni mzee chai na sambusa!"

Vailet, bila kejeli yoyote, akaniuliza, "Babu, kwenye lile daraja lenu mlikuta udongo gani? Natafuta mtu anayeijua mito ya huku."

"Sikujenga daraja," nikasema. "Nilikuwa namshikia mpimaji fimbo yake. Miaka ishirini na sita, fimbo tu. Hatibu, mlipe binti milioni zake nne. Hiyo bei ya futi niliitunga hapa hapa, nimekalia mfuko wa saruji."

Duka lote likaangua kicheko.

"Huyu mzee bwana! Leo kaja na mpya," Hatibu akasema, akifuta machozi. "Na sahihi hii ni ya nani?"

Ilikuwa yangu. Nikaapa kwa jina la marehemu mama yangu; kadiri nilivyoapa ndivyo walivyoshika mbavu. Vailet peke yake ndiye aliyeniamini. Nilijua kwa jinsi alivyoacha kunitazama. Akapokea laki nane, akaacha michoro mezani, akamwonya fundi mkuu asizidishe kina hata kidogo, akatoka.

Nikamfuata hadi barazani.

"Mwanangu..."

"Shikamoo," akasema, kama mtu anayempita mzee asiyemjua njiani, akaelekea stendi kwa miguu.

Nikabaki nimesimama. Marahaba ilinishinda kuitoa.