Dirisha Lisilo na Chumba

Kwaru, kwaru, kwaru. Jogoo alikuwa hajawika, na Yuditha tayari yuko jikoni akikwangua ukoko. Bibi Dominika alimsikiliza akiwa kitandani, na kila kijiko kilipopita kwenye kile kisufuria aliona kama ni yeye anayekwaruzwa.

Jana walikuwa wamezika mzee wa jirani. Watu walijaa mpaka kwenye migomba, na chakula kikapikwa kwenye visufuria vya kuazima, kila kimoja na mafiga yake. Vingine viliunguza, vingine havikuivisha. Waombolezaji wakala ndizi zenye harufu ya moshi, na kila aliyeweka sahani chini aliuliza jambo lile lile: sufuria za ukumbi ziko wapi?

"Mama, umeamka?" Yuditha aliita. Alikuwa mke wa Basili, mtoto wa kiume pekee wa Dominika.

"Nimeamka. Acha hiyo, iloweke kwanza."

"Mwenyewe atakuja kuitaka asubuhi hii. Ildefonce asingeuza zile kubwa, mimi ningekuwa nimelala."

"Ulimwona akiuza?"

"Kwani mwizi huita watu waje kumtazama?"

Dominika alijifunika blanketi vizuri, ila usingizi haukurudi.

Ukumbi ule aliujua tangu msingi. Mawe yake yalitoka mtoni kwenye vichwa vya wanawake, na cha kwake kilikuwa kimojawapo. Chama cha kahawa kilikutana pale, arusi zilichezwa pale, na usiku wa Uhuru walipika pale mpaka kuni zikawaishia. Kisha vyama vikavunjwa, ukumbi ukabaki na popo. Mwaka uliopita, 1982, serikali ya kijiji ikampa Ildefonce aufanye nyumba. Ildefonce alikuwa mtoto wa kati. Wa kwanza kwao alipewa kihamba chake, shamba la ukoo, wa mwisho akabaki na nyumba ya baba, na yeye akaambiwa akatafute maisha. Akayatafuta Moshi kwa mwiko wa uashi, miaka kumi na mbili katika chumba kimoja cha kupanga Shirimatunda. Watu wa kijijini, hapa Kilema, hawakumpinga waziwazi aliporudi. Hawakuingia kwake tu.

Ndani ya stoo ya ukumbi kulikuwa na sufuria saba kubwa. Wanawake walizinunua mjini, kwa Chandulal, na moja kati yao ilikuwa ya Flavia.

Flavia alikuwa binti wa Dominika. Homa ilimchukua mwaka wa sitini na tatu, akiwa na miaka kumi na sita. Dominika alipokwenda dukani kununua sufuria, alilia mbele ya kaunta bila kutaka. Chandulal hakumwuliza maswali mengi. Alimwambia kwamba kwao huchonga jina la marehemu kwenye chombo cha jumuiya, ili watu wakila wamkumbuke. Akachukua msumari na nyundo ndogo, akapiga jina nukta kwa nukta, akakataa malipo ya kazi hiyo. Msalaba wa mti kaburini ulishaoza zamani. Jina la Flavia halikuandikwa mahali pengine popote duniani.

Kulipopambazuka, Dominika alikata chane mbili za mshare akazifunga kwenye kanga.

"Unakwenda wapi na ndizi?" Basili aliuliza, akifunga vifungo vya shati.

"Kusalimia watu wa ukumbini."

Basili alisimama na kifungo kimoja mkononi. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na miezi hii ya msako wa walanguzi ubalozi ulikuwa mzigo: kila aliyeficha bidhaa ilimbidi amwandike. "Usiwaambie nimekutuma."

"Kwani umenituma?"

Alipita njia ya nyuma, kando ya mfongo unaoleta maji mashambani, ili autazame ukumbi kabla haujamtazama yeye. Mabati yalikuwa yamezibwa. Madirisha makubwa yamepunguzwa kwa tofali. Lakini kale kadirisha ka stoo, kenye waya, kalikuwa pale pale, kameshindiliwa magunia kwa ndani. Kwa kadirisha hako Flavia alikuwa akipokea sahani siku za arusi, mikono tu ikionekana.

Nani anaziba dirisha la stoo tupu? Dominika akajiuliza.

Alipiga hodi. Kimya. Akapiga tena. Ndani kitu kizito kikaburutwa. Ndipo mlango ukafunguliwa nusu, na Justina, mke wa Ildefonce, akatoa uso.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimewaletea ndizi. Nyumba mpya haingiwi mikono mitupu."

Justina alitazama barabarani juu ya bega la Dominika. "Uko peke yako?"

"Na fimbo yangu."

Akakaribishwa. Justina alifuta kigoda kwa upindo wa kanga yake mwenyewe, na Dominika, pamoja na mashaka yake yote, akaliona hilo akaliweka moyoni. Ukumbi ulikuwa umegawanywa kwa kuta zisizofika darini. Jukwaa la mwenyekiti lilikuwa limekuwa kitanda cha watoto. Kona moja kulikuwa na mifuko mitatu ya saruji iliyofunikwa mkeka, na saruji siku hizo hata shule haikuwa nayo.

Ildefonce akatokea, mikono imekauka udongo. "Bibi, balozi hajambo?"

"Hajambo."

"Ndiye aliyekutuma?"

"Nina miaka sabini, Ildefonce. Wa kunituma wote wameshazikwa."

Alicheka kwa mdomo tu.

Chai ikaja. Dominika akanywa funda moja, akasimamisha kikombe hewani. Ilikuwa na sukari. Nyumbani kwake hawakuwa wameonja sukari tangu Kwaresima. Saruji, sukari, dirisha lililozibwa. Basi Yuditha alikuwa na haki, akawaza, na moyo ukamwuma.

Kisichana cha miaka mitano kikamsogelea. "Bibi, utanibakizia?"

"Wee! Toka hapo!" Justina alimkemea.

"Yetu haina," mtoto akamnong'oneza Dominika. "Yako tu. Mama ameweka ile ya uji wa mtoto."

Dominika akatazama vikombe vingine, kisha akampa mtoto kilichobaki. Hakujua tena awaze nini.

"Haya, nionyesheni nyumba," alisema akiinuka.

"Bado haijaisha, bibi," Ildefonce akasema. "Hakuna cha kuona."

"Nilibeba mawe yake. Yaliyoisha na yasiyoisha nitayaona."

Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jukwaa. Mahali penye mlango wa stoo palikuwa na ukuta laini, plasta mpya. Mbele yake kulikuwa na kabati, na sakafuni alama ya kuburutwa. Akagonga ukuta kwa fimbo pembeni: ti. Akagonga katikati: du.

"Mlango ulikuwa hapa."

"Mlango gani?" Ildefonce alijibu upesi mno.

"Nje kuna dirisha, baba. Chumba chake kiko wapi?"

Ildefonce akajifuta mikono kwenye suruali, mara mbili, na sauti yake ikapanda. "Basi nenda! Kamwambie mwanao aje na polisi wavunje. Si ndicho ulichofuata?"

"Baba Ester, punguza sauti," Justina alisema.

Dominika aliketi ukingoni mwa jukwaa. "Sikufuata mali yako. Nimemfuata mtoto wangu. Jina lake limechongwa kwenye sufuria mojawapo. Kama umeiuza, niambie uliyemwuzia, niende nikamwombe aninyooshee kidole tu mahali jina lilipo."

Justina akashika mdomo. "Flavia?"

"Umelijuaje?"

"Ile ambayo herufi ya mwisho ilikosa nafasi, ikapandishwa juu kidogo?"

Dominika hakuwahi kumsimulia mtu habari ya herufi ile. Akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka.

Justina alimtazama mumewe, naye akainamisha macho. Ndipo Justina akaeleza. Siku wasakaji walipofika barabara ya chini, yeye na mumewe waliambiwa kuna mtu Kiboriloni amechukuliwa kwa katoni za sabuni. Sufuria saba na sahani sitini kwenye nyumba ya mtu mmoja, na saruji aliyolipwa badala ya ujira, nani angemsikiliza? Ildefonce alijenga siku mbili bila kulala, akaziba vyombo vyote ndani.

"Mngemwambia mtu," Dominika alisema.

"Mtu gani, bibi? Tangu tuhamie hakuna aliyepiga hodi. Na balozi akiambiwa..."

"Balozi anaandika," Dominika akamalizia.

Ildefonce alikuwa ameshachukua tindo. Alisogeza kabati, akatoa safu mbili za tofali za chini, akapitisha mikono. Kilichotoka kwanza kilikuwa kimezungushiwa kitenge cha zamani, hata vumbi halikukifikia. Zile nyingine, zilizoonekana gizani kwa nyuma, hazikuwa zimefungwa kitu.

"Mbona hii mmeifunga?"

"Nyingine zote zimeandikwa Mama Theodory, Mama Eliamini, Mama nani," Justina alisema. "Hii ina jina peke yake. Nikajua huyu ni mtoto."

Dominika alipitisha kidole juu ya nukta, moja moja, mpaka ile herufi iliyopanda.

"Sikiliza, Ildefonce," alisema mwishowe. "Bomoa ukuta huu. Basili ataandika karatasi: sufuria saba za wananchi, zinatunzwa kwa Ildefonce, msiba ukitokea zichukuliwe hapa. Ataipiga mhuri wa kijiji."

"Ataandika hivyo kweli?"

"Asipoandika, msiba ujao atapika yeye, na atakwangua ukoko yeye."

Safari hii Ildefonce alicheka mpaka macho yakacheka. Hata hivyo aliichukua sufuria polepole kutoka mikononi mwa Dominika, akairudisha ndani, akazipachika tofali. "Nisamehe, bibi. Mpaka niione hiyo karatasi."

Dominika hakukasirika. Mtu aliyenyimwa mahali maisha yake yote, karatasi kwake ni kitu.

Justina alimsindikiza mpaka mfongoni. Kanga iliyobeba ndizi haikurudi tupu: ndani mlikuwa na maharage, kama vibaba viwili, na Dominika alijua hayakuwa ya ziada. Yuditha atayaona. Atauliza yametoka wapi, na ataambiwa.

"Msalimie mkweo nyumbani," Justina alisema, akisimama. Kisha akamshika mkono wenye fimbo. "Bibi, hata Basili akikataa kuandika, wewe urudi. Urudi tu, hata bila ndizi."